Kabla hamjamwajiri mkaguzi wa jengo: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa Wakurugenzi wa Jiji la Mbeya, Manispaa ya Iringa, Halmashauri za Miji ya Njombe, Makambako na Mafinga, na Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe. Kwa maofisa manunuzi wao. Na kwa bodi zote zinazonunua au kupangisha majengo ya biashara katika mikoa hii.

Waheshimiwa,

Tangazo la kumtafuta mkaguzi wa jengo la biashara huku kwetu huwa na mistari mitatu: jengo liko wapi, lina ghorofa ngapi, bei iletwe lini. Basi. Wanajitokeza watu wanne, wa bei ya chini anapewa kazi, anapita jengoni asubuhi moja na simu ya kupigia picha, na baada ya wiki mnaletewa kurasa thelathini za picha za nyufa na sentensi moja mwishoni: jengo lina hali ya kuridhisha, lifanyiwe ukarabati mdogo mdogo. Ripoti inaingia kwenye faili. Hakuna anayeweza kuitumia kuamua lolote, kwa sababu hakuna swali aliloulizwa mkaguzi.

Tunachoomba ni kimoja, na maelezo yote yanayofuata yanarudi hapo: andikeni hadidu za rejea, yaani maelezo ya nini mkaguzi apime na alete nini, kabla ya kuuliza bei. Mkaguzi mzuri akipewa tangazo la mistari mitatu atatoa kazi ya mistari mitatu, maana akiweka gharama ya vipimo anavyojua vinahitajika, bei yake itampoteza.

Tunaandika tukikumbuka Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na kuua watu 36. Tunakumbuka pia Novemba 16, 2024, ghorofa la biashara lilipoporomoka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara ndani. Sisi huku tuna la ziada. Mbeya imekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana. Tetemeko la Rukwa la Desemba 13, 1910 lilikuwa na ukubwa wa 7.4. Ukuta uliobomolewa ili fremu mbili ziwe moja si jambo la mwenye nyumba na mpangaji wake tu. Jengo lenye kuta nyingi juu na nguzo tupu chini, yaani mfano wa karibu kila jengo la maduka tulilo nalo, ndilo linalokunja miguu kwanza ardhi ikitikisika.

Tuanze na nani aitwe. Ripoti ya mthamini si ukaguzi. Tunalisema waziwazi kwa sababu bodi nyingi hununua jengo zikiwa na karatasi ya uthamini mkononi na kuamini limekaguliwa. Mthamini anatafuta bei ya jengo sokoni. Hana kazi ya kujua kama nondo zimeshika kutu. Mnayemhitaji kuongoza kazi ni mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa ngazi ya mhandisi mtaalamu au mshauri. Usajili wake uhakikiwe kwa bodi yenyewe, msiishie kwenye nakala ya cheti aliyoileta: jina, namba, na kama usajili uko hai mwaka huu. Chini yake awepo fundi umeme mwenye leseni ya EWURA ya daraja linalolingana na mzigo wa jengo, na fundi sanifu mmoja wa kupima na kuandika. Kama kuna lifti au kompresa, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wana utaratibu wao wa kuvikagua. Kinachotakiwa ni kudai cheti na kusoma tarehe yake. Mtu mmoja anayesema atakagua zege, umeme, moto, paa na maji taka peke yake kwa siku moja anawaambia kwamba hatakagua hata kimoja.

Asiwe yule aliyesimamia ujenzi. Asiwe atakayepewa kazi ya ukarabati. Na kama jengo linanunuliwa, asilipwe na muuzaji, hata kama muuzaji anajitolea kwa moyo mweupe.

Siku ya kwanza mkaguzi akute karatasi mezani: kibali cha ujenzi, michoro ya usanifu na ya miundo iliyogongwa muhuri, majibu ya vipimo vya zege vya wakati wa ujenzi, taarifa ya udongo, na barua yoyote ya maboresho yaliyofanyika baadaye. Halmashauri ndiyo iliyopokea michoro hiyo wakati wa kuomba kibali, kwa hiyo isiwe mkaguzi ndiye anayezunguka masjala kuitafuta. Ikikosekana, hadidu za rejea ziseme wazi kwamba atapima na kuchora upya nguzo, bimu na unene wa zege la sakafu, kwa bei yake. Bila hivyo hesabu yoyote ya uimara ni ramli.

Sasa mizigo, ambako ndiko tunakoona majengo ya huku yakionewa zaidi. Sakafu ya ofisi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 250 kwa mita moja ya mraba, ya duka kilo 400. Chukueni jengo lililoombewa kibali kama ofisi, halafu ghorofa ya kwanza ikapangishwa kuwa stoo ya mchele wa Kyela na Mbarali. Magunia manane ya kilo 100 yaliyopangwa juu kwa juu yamekaa kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Hizo ni kilo 800, mara tatu ya hesabu, na safu ziko ishirini. Zege halilalamiki siku hiyo. Linapinda polepole, mlango wa chini unaanza kukwama, fundi anaitwa kuuranda mlango.

Juu ya paa kuna tenki. Tenki la lita 5,000 likijaa ni tani 5, na kitako chake chenye kipenyo cha mita 1.8 hivi kina eneo la mita za mraba 2.5. Gawanyeni: kilo 2,000 kwa kila mita ya mraba, juu ya zege ambalo huenda lilipigiwa hesabu ya 150. Tenki likikaa juu ya nguzo au juu ya bimu mbili zilizoandaliwa, halina neno. Likikaa katikati ya zege kwa sababu bomba lilikuwa karibu, lina neno. Hadidu za rejea zimtake mkaguzi aorodheshe kila mzigo usio kwenye michoro: matenki, minara ya simu, mabango, jenereta, na ghorofa iliyoongezwa. Nondo zinazochungulia juu ya nguzo za paa ni ahadi ya ghorofa ijayo. Aulizwe kama msingi unaijua ahadi hiyo.

Kwenye zege lenyewe, nyundo ya kupima ugumu isiachwe itoe hukumu peke yake. Inagonga ngozi tu. Zege la zamani huwa gumu nje na dhaifu ndani, na plasta isipobanduliwa nyundo inapima plasta. Itumike kutafuta sehemu zinazotia shaka, kisha sehemu hizo zichotwe viini, yaani vipande vya zege vya duara, kwa mashine, vyenye kipenyo cha milimita 100, visipungue vitatu kwa kila sehemu, vipelekwe maabara inayotambulika vikavunjwe. Kwa zege lililosanifiwa nguvu ya megapaskali 25, kipimo kinachotumika sana ni kwamba wastani wa viini vitatu ufike angalau asilimia 85, yaani kama 21, na kusiwe na hata kimoja chini ya asilimia 75, yaani kama 19. Kabla ya kuchota, kifaa cha kutafuta nondo kipitishwe, vinginevyo mkaguzi anakata nondo aliyokuja kuikagua. Mashimo yajazwe siku hiyohiyo kwa mchanganyiko usiosinyaa. Kipengele hiki kiandikwe. Tumeona mashimo yakiachwa wazi mvua nzima.

Kwenye tundu hilohilo, au kwenye kona iliyobanduliwa, inapuliziwa dawa ya finoftalini. Zege lenye afya linageuka la rangi ya zambarau iliyokoza. Lililoliwa na hewa linabaki rangi yake. Pimeni kwa rula toka nje mpaka rangi inapoanza: kama ni milimita 10 na nondo iko milimita 25 ndani, mna miaka. Kama rangi inaanza nyuma ya nondo, kutu imeshafunguliwa mlango, nayo kutu hutanua na kulipasua zege kutoka ndani. Kipimo hiki ni cha dakika tano na dawa yenyewe ni ya bei ndogo, lakini ni nadra kukikuta kwenye ripoti.

Mkaguzi aulize pia kila zege la sakafu lilimwagwa mwezi gani. Watu wa Pwani wanaweza kulicheka swali hili. Usiku wa Juni na Julai Mbeya, Njombe na Makete ni wa baridi kali, na saruji yenye pozolana (majivu ya volkano yaliyosagwa), hasa ya daraja 32.5, hupata nguvu taratibu kwenye baridi. Fundi aliyezoea kutoa mirunda siku ya saba Dodoma akifanya hivyo Uyole mwezi wa saba anabebesha zege uzito kabla halijawa tayari, na linabaki limepinda katikati maisha yake yote. Wanaokuja baadaye wanasawazisha kwa sementi na vigae juu yake, yaani wanaongeza uzito palepale palipozidiwa. Kamba ikivutwa toka ukuta hadi ukuta upande wa chini wa zege, mpindo unaonekana.

Methali ya ufa tunaijua sote. Haikusema ufa upi. Ufa mwembamba kama unywele uliotapakaa kwenye plasta kama utando wa buibui ni plasta iliyokauka haraka, wala msiulipie mhandisi. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali kutoka kona ya dirisha unasema upande mmoja wa msingi unazama. Ukiwa mpana zaidi juu kuliko chini, ncha ya jengo ndiyo inayoshuka. Huku kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni maji: udongo wetu wa majivu na mawe mepesi ya volkano, ukiwa mkavu ni imara, lakini chemba inayovuja au mfereji wa bati unaomwaga maji kwenye kona ileile msimu baada ya msimu huuondoa chini ya msingi. Wa kutisha kuliko wote ni ufa wa mshazari kwenye bimu, karibu na inapokaa juu ya nguzo. Huo mkaguzi akiuona hasubiri kuandika ripoti: anapiga simu, eneo la chini linaondolewa watu, na mirunda inawekwa siku hiyo.

Kwa nyufa za kati, ambazo hakuna anayeweza kuzisemea kwa kuzitazama mara moja, dai lenu liwe ufuatiliaji. Pini mbili za chuma, moja kila upande wa ufa, kalipa ya kupima umbali kati yake, kipimo kila wiki mbili kuanzia Oktoba ardhi ikiwa kavu mpaka Mei mvua ziishe. Ufa uliokaa milimita 0.3 miezi minane ni alama ya kale. Uliotoka 0.3 ukafika 1.1 unaendelea na safari.

Umeme. Nyumba za wageni na hoteli ndogo ndogo za mikoa hii zina tatizo lao, nalo linatokana na baridi. Kila chumba kina bafu la maji moto la papo kwa papo. Moja la wati 5,500 kwenye volti 230 linavuta ampea 24. Vyumba 14, wageni wote wakaoga saa kumi na mbili asubuhi wawahi basi, ni kilowati 77, ampea 111 kwa kila fezi kwenye fezi tatu. Meni swichi ya ampea 63 inakata, ndiyo kazi yake. Fundi anaitwa, anaweka ya 100, kisha ya 125. Waya ni uleule. Kuanzia hapo kinachochemka ni waya ndani ya dari ya mbao. Mkaguzi wa umeme aandike kwa kila bodi ya kugawa umeme: ukubwa wa breka, unene wa waya unaotoka, na mzigo uliopo, mkiona bafu limefungwa kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 wa soketi badala ya 4 au 6, hamhitaji maelezo mengine. Apime uzuizi wa waya kwa volti 500, isiwe chini ya megaohmu 1. Abonyeze kitufe cha RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, kisha aipime kwa kifaa, maana kitufe kinaweza kufanya kazi na ethi, waya wa ardhini, isiwepo. Ethi ipimwe Septemba au Oktoba. Ukiipima Machi ardhi imelowa, kila ethi ya Mbeya ni nzuri.

Hapo hapo kinga ya radi. Mikoa hii ina radi, na shaba ina soko. Mara nyingi mshale uko juu ya paa na utepe wa shaba ulishakatwa toka usawa wa mkono wa mtu hadi chini. Jengo lenye mshale bila utepe ni bora lingekosa vyote. Mkaguzi aufuate utepe kwa macho mwanzo hadi mwisho, na apime ardhini: ohmu 10 au chini yake.

Moto hatutauandikia kirefu, kwa sababu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka yake kisheria tangu 2007 na ukaguzi wake haukwepeki. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, la Kariakoo Julai 10, 2021. Somo limekwisha kulipiwa. Tunaongeza mambo mawili tu ambayo cheti hakiyaonyeshi: geti la chuma la ngazi ya nyuma linafungwa kwa kufuli saa ngapi na ufunguo anao nani, na chini ya ngazi kumehifadhiwa nini. Majibu ya maswali haya yanatolewa saa moja usiku, si saa nne asubuhi mgeni akiwa ametarajiwa.

Paa litazamwe toka ndani ya dari. Mbao zetu ni za msonobari wa Sao Hill, nzuri tu, ila zinapigwa kenchi zingali mbichi. Zikikauka zinasinyaa, misumari inalegea na kenchi inashuka. Unyevu wa mbao upimwe kwa kifaa, usizidi asilimia 20. Ncha zilizokatwa baada ya mbao kutiwa dawa ndiko wadudu na kuoza kunakoanzia, kwa hiyo atazame ncha zinazokaa juu ya ukuta, si katikati panapong'aa kijani. Rungwe, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu kote nchini, mabonde ya paa yakaguliwe siku ya mvua. Na azungumze na mfanya usafi. Anajua ndoo inawekwa wapi.

Ripoti iwe hivi: kila kasoro na mahali pake kwa jina la nguzo au namba ya fremu, picha yenye rula ndani yake, chanzo kinachodhaniwa, hatari yake, la kufanya, na tarehe ya mwisho. Ukurasa wa kwanza utenganishe ya leo, ya ndani ya miezi mitatu, na ya matengenezo ya kawaida. Lazima kuwe na sehemu ya yale ambayo hakuyaona: stoo iliyofungwa, dari isiyofikika, msingi ambao hakuruhusiwa kuuchimbua. Karatasi za vipimo vya uwanjani ziambatanishwe. Rasimu isipelekwe kwa mwenye jengo "kupata maoni" kabla ya kusainiwa. Mmiliki ajibu kwa barua yake.

Jengo la ghorofa nne lenye fremu arobaini linahitaji watu watatu kwa siku mbili za kutazama, siku nyingine mbili za vipimo, muda wa maabara, na siku tatu za kuandika. Atakayewaambia pungufu sana ya hapo, mwulizeni ni kipi atakiacha. Sheria ya manunuzi inatambua njia ya kupima ubora pamoja na gharama kwa kazi za ushauri wa kitaalamu, na NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, haiwazuii kuitumia. Malipo yagawanywe: sehemu akikabidhi mpango wa vipimo, sehemu majibu ya maabara yakifika, sehemu ripoti ikisainiwa. Hata senti moja isifungamanishwe na jengo "kufaulu".

Waheshimiwa, hamwezi kukagua majengo yote mwaka huu, wala hatuombi hivyo. Anzeni na yaliyobadilika baada ya kukabidhiwa. Hayahitaji mhandisi kuyatambua: ofisa wa ardhi mwenye daftari, akitembea jijini Mbeya kutoka Mafiati mpaka Kabwe, ataona toka barabarani tenki lililokaa pabaya, nondo zinazochungulia, ghorofa la juu lenye tofali za rangi tofauti na za chini, na fremu mbili zilizokuwa na ukuta kati yake. Siku mbili zinamtosha. Alinganishe orodha yake na vibali vilivyoko masjala. Jengo ambalo daftari na kibali havipatani ndilo la kwanza kuandikiwa hadidu za rejea. Orodha hiyo ikitoka kabla ya mvua za Novemba, tutakaa na maofisa manunuzi wenu kuandika hadidu za jengo la kwanza, bila malipo.

Wenu,

Wahandisi, mafundi sanifu na mafundi umeme tunaofanya kazi Nyanda za Juu Kusini
Mbeya